Nani kapima nafasi ya mistari kwenye kidole gumba changu?

Mwezi na kitu uliopita nilijikata kidole gumba. Hamna stori kubwa hapo, nilikuwa nafungua boksi kwa wembe, wembe ukateleza, ukapita hapohapo katikati ya ile alama ninayofungulia simu. Simu ikaanza kunigomea. Naweka kidole, inatetemeka, jaribu tena, naweka, jaribu tena, mwisho naingiza namba ya siri huku nimenuna kama mtu aliyefungiwa mlango wa kwake mwenyewe.

Kidonda kilipoanza kufunga nikawa na tabia mbaya ya kukichungulia. Nina lenzi ndogo ya mkononi, ile ya kukuzia maandishi, basi kila jioni nawasha taa ya mezani nakaa na kidole changu kama fundi saa. Na ukiangalia alama ya kidole kwa lenzi dakika kumi mfululizo (usifanye mbele za watu) unaanza kuona mambo. Mistari inakwenda pamoja, sambamba, kwa adabu kabisa, halafu mmoja unagawanyika kama herufi Y. Mwingine unakwenda unakwenda halafu unaishia tu hapo, kwisha habari. Kuna kamoja kafupi kamebanwa katikati ya miwili kama abiria aliyepanda mwisho. Ila nafasi kati ya mstari na mstari haichezi, ni kama nusu milimita popote utakapoangalia, na pale mistari miwili inapoanza kuachana hivi, kabla pengo halijawa kubwa, mwingine unachomoza katikati unaliziba.

Sasa nani kapima? Jeni haziwezi kuwa zimeandika "hapa weka Y, pale kata", manake mapacha wa kufanana kabisa, jeni zilezile, tumbo lilelile, alama zao za vidole ni tofauti. Yaani kuna kitu kinajua nafasi lakini hakijui picha. Hilo ndo lililonikosesha usingizi, na nimelisoma mpaka macho yameuma.

Mtu wa kuanza naye ni Alan Turing, yuleyule wa kompyuta na wa kufumbua meseji za siri za Wajerumani kwenye vita ya pili. Mwaka 1952, miaka miwili kabla hajafa, alitoa makala inayouliza swali ambalo mtoto angeweza kuuliza: kiinitete (kiumbe kikiwa bado kichanga kabisa, hakijapata umbo) kinaanza kama kitufe, kila upande sawa na mwenzake, sasa ile tofauti ya kwanza inatoka wapi? Akasema chukua kemikali mbili, zisambae kwenye tishu huku zinachokozana, kama moja inasambaa haraka kuliko nyingine basi ule usawa unaweza kuvunjika wenyewe, na mahali palipokuwa shwari pakazuka madoa au mistari. Hapo lazima mtu ushtuke kidogo, kwasababu kusambaa sote tunakujua kuwa ni kazi ya kufuta tofauti. Tone la wino ukiliacha kwenye glasi ya maji linapotea lote, hajawahi kutokea mtu akakuta wino umejipanga mistari. Turing akaonyesha kwa hesabu kwamba kusambaa hukohuko, kukipata mwenza wa kugombana naye, kunazaa tofauti.

Hesabu zake sikuzielewa mara ya kwanza, wala ya pili. Kilichoniokoa ni umbea.

Fikiria mtaa. Umbea umezuka nyumba moja. Umbea una sifa mbili, kwanza unajizidisha wenyewe, kila aliyesikia anaongeza chumvi, pili unatembea kwa miguu, mlango hadi mlango, haufiki mbali. Lakini umbea huohuo unazaa kanusho, na kanusho linatumwa kwa simu, dakika tano limeshafika mitaa yote ya jirani. Matokeo yake pale ulipozuka umbea unashinda, unapikwa haraka kuliko unavyokanushwa. Majirani wa umbali wa kati hawauamini, kanusho limewafikia kabla ya umbea wenyewe. Ila ukienda mbali zaidi kanusho nalo limechoka, limefifia, na huko umbea mwingine unaweza kuzuka upya nao ukajizungushia eneo lake. Ukipanda juu ya ghorofa ukautazama mji mzima utakuta vituo vya umbea vimekaa kwa umbali unaokaribiana, kama vimepimwa kwa kamba, na hakuna hata mmoja aliyeshika kamba. Umbali umetokana na kasi ya miguu, kasi ya simu, na muda ambao habari inakaa vichwani mwa watu kabla haijasahaulika, basi.

Wajerumani wawili, Alfred Gierer na Hans Meinhardt, ndo walioliweka jambo hivyo kihesabu mwaka 1972: kichocheo kinachojizidisha na kufika karibu, kizuizi kinachofika mbali. Na ukishalielewa unaona kwanini nafasi inajulikana na picha haijulikani. Doa la kwanza linaanzia popote, kutikisika kidogo tu kwa molekuli kunatosha, hiyo ni bahati. La pili likae umbali gani kutoka la kwanza, hiyo sio bahati tena.

Kwa muda mrefu wanabiolojia wengi waliona haya ni michezo ya wanahisabati, mazuri kwenye karatasi. Halafu mwaka 1995 Shigeru Kondo na Rihito Asai wa Japani wakafanya kitu rahisi sana, walikaa wakatazama samaki wakikua. Ni samaki wa matumbawe wa jenasi ya Pomacanthus, wenye mistari mikali ya rangi. Fikiria kama mistari ile ingekuwa imepakwa tu, samaki akikua ingevutika, kama maandishi kwenye puto unalolipuliza. Haikuvutika. Spishi moja ilipokua kiasi cha mwili kuwa mara mbili, mistari mipya ilichomoza katikati ya ile ya zamani, nafasi ikarudi palepale. Kwenye spishi nyingine mstari ulikuwa na tawi, Y, na ile Y ikasafiri taratibu mwilini mwa samaki kama zipu inayofunguliwa mpaka mstari mmoja ukawa miwili. Simulesheni ya kompyuta ilikuwa imetoa zipu hiyohiyo. Niliposoma hapo niliangalia kidole changu tena, Y yangu ile imetulia tuli, lakini nikajua ni ya ukoo gani.

Kuna kitu kimoja napenda zaidi kuhusu stori hii, watu hawakitaji sana. Baadaye walipochimba kwa samaki mdogo mwenye mistari anayefugwa sana maabara, wanayemwita samaki pundamilia, kemikali mbili zinazosambaa hazikuonekana kuwa ndo injini yenyewe. Kazi kubwa inafanywa na seli za rangi zinazogusana. Seli ya njano inanyoosha kidole chake, inamgusa mweusi, mweusi anakimbia, wa njano anamfuata. Zinafukuzana kweli kweli. Na kuna vidole virefu zaidi vinavyofika mbali kufanya kazi ya lile kanusho. Waliunguza mistari ya samaki kwa leza wakangoja, mistari ikajijenga upya, ila haikufuata ramani ya mwanzo, ilipinda na kwenda njia nyingine huku upana ukibaki uleule. Kwahiyo hesabu za Turing zilisimama, kemikali zake zikaondoka. Sijui kama yeye angefurahi au angeudhika, mi ningefurahi.

Pundamilia wenyewe wa mbugani, haraka haraka: Jonathan Bard mwaka 1977 alipiga hesabu kuwa tofauti kati ya wale wenye mistari mipana michache na pundamilia wa Grevy mwenye mistari membamba mingi inaelezeka kwa kitu kimoja, ni lini mistari inapangwa. Nafasi mwanzoni ni ileile, ni sehemu ya milimita, lakini ikipangwa kiinitete kikiwa kimeshakua kidogo, inaingia mistari mingi zaidi. Na mkia wa chui: James Murray alionyesha kuwa mnyama mwenye madoa mwilini anaweza kuwa na mkia wa mistari, kinyume chake hakitegemewi, kwasababu mkia ni mwembamba, doa halina pa kutanuka pembeni, linageuka pete. Nenda kaangalie picha ya duma, mwili madoa, ncha ya mkia pete. Mi niliangalia picha za duma kama thelathini, kazi zikanisubiri.

Sasa fanya hivi, hakuna anayekuona. Weka ncha ya ulimi nyuma tu ya meno ya mbele ya juu, halafu irudishe nyuma taratibu kwenye kaakaa. Umeyasikia matuta? Yale ni mistari ya ukoo huohuo. Kwa panya mambo yamechunguzwa vizuri, mwaka 2012 kundi la watafiti London walionyesha kuwa matuta ya kaakaa yanapangwa na jozi ya protini, moja ya familia ya FGF inachochea, nyingine inaitwa Shh (jina zuri kwa kizuizi, kama mtu anayekunyamazisha) inazuia. Waliyakata matuta kwenye kaakaa la kiinitete waone itakuwaje, na alama za matuta mapya zikaanza kutoa matawi kujaza nafasi. Y tena! Umekuwa unatembea nayo mdomoni maisha yako yote.

Mwaka huohuo 2012 ukaja ugunduzi mwingine ulionifanya niweke simu chini. Vidole. Si alama za vidole, vidole vyenyewe. Mkono wa kiinitete unaanza kama kasia dogo bapa, halafu ndani yake inatokea mistari ya seli zitakazokuwa gegedu na mifupa, mstari, pengo, mstari, pengo, na yale mapengo seli zake nyingi baadaye zinakufa ndo vidole vinaachana. Watafiti walichukua panya waliokosa jeni iitwayo Gli3, wakaondoa moja baada ya nyingine baadhi ya jeni za Hox (zile zinazosaidia kupanga sehemu za mwili), na vidole havikupungua. Viliongezeka na kuwa vyembamba, hadi 14 kwenye kiganja kimoja. Kama vidole vingekuwa vimeandikwa kimoja kimoja, kuharibu maandishi kungevifuta. Lakini hapa kilichoharibiwa ni nafasi, imepungua, kwahiyo mistari mingi zaidi imeingia kwenye kiganja kilekile. Yaani kidole gumba changu ni mstari, na juu yake kuna mistari, na nilikikata nikifikiri ni kidole tu.

Na alama zenyewe? Hizo zilisubiri hadi 2023, watafiti wa Edinburgh. Kila tuta linaanza kama kinyweleo kinavyoanza, seli za juu ya ngozi zinazama kidogo chini, amri zilezile, halafu safari inakatishwa katikati, kinyweleo hakitokei, linabaki tuta. Hapa protini ni tatu: WNT inachochea, BMP inazuia, na EDAR inaingia kwenye kuamua ukubwa wa nafasi. Kilichonifurahisha ni kwamba mistari haizuki yote kwa mpigo. Inaanza sehemu tatu, katikati ya kile kinundu laini cha ncha ya kidole, karibu na ukucha, na kwenye mkunjo wa kiungo, inasambaa kama mawimbi, na pale mawimbi yanapokutana ndo unapata tao, au kitanzi, au ule mzunguko. Changu ni kitanzi. Nani alianza mapema kwa saa kadhaa, kinundu kilikuwa kimevimba kiasi gani siku hiyo, karibu na wiki ya 13 ya mimba, hayo ndo yanaamua umbo la jumla, na vile vi-Y vidogo ni bahati tupu. Ndo maana pacha wako hawezi kufungua simu yako.

Basi nikawa nimeshajiona bingwa, kila nikiona mpangilio kwenye kiumbe nasema Turing huyo. Hapo ndo nikakutana na pembesita, nikanyooshwa.

Ukiangalia kwa darubini tabaka moja la seli za ngozi, zimebanana kama vigae, na nyingi zina pembe sita. Mtu wa kawaida anawaza sega la nyuki, kwamba seli zinapenda pembesita kwasababu inabana nafasi vizuri. Sasa chukua karatasi na kalamu. Chora pembesita moja yenye majirani sita pande zote. Igawe katikati kwa mstari unaotoka upande mmoja hadi upande unaouelekea, ndivyo seli inavyogawanyika. Hesabu pande. Mama alikuwa na sita, sasa watoto wawili wana tano tano, kumi. Imeongezeka nne. Lakini mstari wako umegonga kuta za majirani wawili, na kila mmoja wao kapata kona mpya, kwahiyo kapata upande mmoja zaidi. Nne na mbili, sita. Seli moja mpya imeingia mjini na imeleta pande sita kamili. Nikajaribu kuanza na pembetano, ikaja sita. Pembesaba, sita. Nimechora kurasa mbili nikitafuta namna ya kukwepa, haikwepeki. Maadamu kuta zinakutana tatu tatu, kila mgawanyiko unaongeza seli moja na pande sita, kwahiyo ukiendelea kugawa wastani unasogea kwenye sita utake usitake. Hakuna kichocheo hapo, hakuna kizuizi, ni kuhesabu tu.

Mwaka 2006 Matthew Gibson na wenzake walichukua wazo hilihili wakatabiri si wastani tu bali mgawanyo mzima: kwenye tishu inayogawanyika, pembesita ziwe kama asilimia 46, pembetano kama 29, pembesaba kama 21, na waliobaki wachache. Wakaenda kuhesabu kwenye bawa la inzi wa matunda linalokua, kwenye ngozi ya kiluwiluwi cha chura na kwenye haidra (kijidudu cha majini), viumbe ambavyo havijaonana kwa mamia ya mamilioni ya miaka, na picha ikawa ni ileile karibu. Kwahiyo seli hazipendi pembesita hata kidogo, zaidi ya nusu sio pembesita.

Kuna mahali ambapo umbo linatokana na mvutano. Jicho la inzi huyohuyo lina vijicho mia saba na kitu, na ndani ya kila kimoja kuna seli nne zinazokaa namna moja tu, mbili zinagusana katikati, mbili zimetengwa. Hivyohivyo ndivyo mapovu manne ya sabuni yanavyokaa yakibanwa pamoja. Wapo inzi wenye kasoro za kijeni ambao seli zao hapo ni mbili, au tatu, au tano, au sita, na watafiti walipolinganisha mwaka 2004, kila idadi ilikaa kama mapovu ya idadi hiyo. Mi nilijaribu mapovu kwa mrija na maji ya sabuni kati ya vioo viwili, manne yakakaa kwa mtindo huo mara zote, nikiyalazimisha yakutane yote kwenye nukta moja yanateleza yanarudi. Jaribu, inaudhi na inafurahisha kwa wakati mmoja.

Najua mnasubiri alizeti na namba za Fibonacci (1, 1, 2, 3, 5, 8, kila moja ni jumla ya mbili zilizoitangulia). Zipo, ni kweli, hesabu mizunguko ya mbegu za alizeti kulia na kushoto utapata mara nyingi 34 na 55, na ile pembe ya nyuzi kama 137.5 kati ya chipukizi na chipukizi ni ya kweli. Lakini zile video zenye muziki wa kuogofya zinazokuwekea ule mzunguko wanaouita wa dhahabu juu ya ganda la nautilo (kiumbe wa baharini), juu ya sikio la mtu, juu ya kimbunga, hapana bana, ganda la nautilo ni mzunguko mzuri wa logarithimu na kwa kawaida sio wa dhahabu. Kwa mimea sababu haina uchawi. Wilhelm Hofmeister alishasema mwaka 1868 kuwa chipukizi jipya linatokea pale penye nafasi kubwa kuliko zote. Sasa tunajua homoni ya oksini inasukumwa na seli kuelekea jirani aliyenayo zaidi, mwenye nacho anaongezewa, pembeni kunakauka, chipukizi lijalo inabidi liende mbali. Mwaka 1992 Stéphane Douady na Yves Couder wa Ufaransa walidondosha matone ya kimiminika chenye sumaku kwenye mafuta ya silikoni, matone yanakimbiana tu hayana jeni wala nini, na yakajipanga kwa mizunguko ya Fibonacci. Tone halijui hesabu.

Nirudi kwenye ngozi maana kuna stori ya mamba naipenda kwa jinsi ilivyogeuka. Magamba ya mgongoni mwa mamba yamepangwa vizuri, kila gamba lina mwanzo wake wa kijeni kama unyoya au kinyweleo. Ya usoni na tayani hapana, ni vipande visivyo na mpangilio, kushoto hakufanani na kulia. Kundi la Michel Milinkovitch wa Geneva lilisema mwaka 2013 kuwa ule ni mpasuko wa kifizikia, kama matope yanavyopasuka yakikauka. Ikapendwa sana, hata mi niliwahi kuisimulia. Mwaka 2024 kundi hilohilo likarudi likasema tumeangalia vizuri zaidi, sio mpasuko, ni mkunjo: ngozi inakua haraka kuliko kilicho chini yake, inakosa pa kwenda, inajikunja, na mikunjo inaungana kuwa mipaka ya magamba. Walichoma kwenye mayai sindano ya protini inayokuza ngozi, na ngozi ya viinitete ikajikunja kama ubongo. Na ubongo wenyewe, wapo waliotengeneza ubongo wa jeli laini, tabaka la juu likavimba kwenye kimiminika, likajikunja likafanana na wa mtoto. Mtu anayerudi kusahihisha stori yake mwenyewe iliyokuwa maarufu, mi namvulia kofia.

Na kuna moja iliyonimwagia maji baridi kuliko zote. Kiinitete cha inzi wa matunda, saa tatu hivi tangu yai litagwe, kina mistari saba ya protini inayoitwa even-skipped, imenyooka, nafasi sawa, inavutia kuliko kidole chochote. Ukiniambia nionyeshe mfano wa Turing ningenyooshea hapo. Wengi walidhani hivyo. Kumbe mistari ile imeandikwa karibu mmoja mmoja! Mstari wa pili una swichi yake kwenye DNA: protini nyingine ndo zinaibonyeza, Bicoid na Hunchback wanawasha, Giant anazima upande wa mbele, Krüppel anazima upande wa nyuma, unabaki ukanda mwembamba katikati. Mistari mingine ina swichi zake, nyingine zinahudumia miwili miwili. Ni kazi ya fundi viraka, kila kona kiraka chake, na matokeo yake ndo yamenyooka kuliko yote. Nilikaa na hilo siku nzima nimekasirika kidogo, kwasababu nilitaka kuwa na njia moja, na kwa kuangalia kwa macho tu huwezi kujua mstari umetoka kwenye ugomvi wa majirani au kwenye orodha ya viraka. Inabidi umkate, umuunguze, au uharibu jeni uone anarudije. Akirudi na Y, mshuku majirani.

Kidole changu kimeshafunga. Pale wembe ulipokwaruza tu mistari imerudi ileile, Y yangu ipo palepale, kwasababu mpangilio umeshikwa chini, kwenye mpaka wa tabaka mbili za ngozi, na upande huo wembe haukufika huko. Pale ulipozama kuna kovu jeupe jembamba, na kwa lenzi naona mistari ya kushoto inafika kovuni na ya kulia inaondokea kovuni, haikutani, imepishana kama nusu nafasi. Hakuna mpya iliyochomoza kuziba. Umbea na kanusho lake viliisha kabla sijazaliwa, ngozi siku hizi inashona tu.

Simu ilikataa katakata kututambua. Jumapili nimefuta kidole cha zamani nikasajili upya, gumba pamoja na kovu lake, ikasoma mara ya kwanza.